Uzi kuhusu uzi: namna nilivyoanza kufanya vitu vielee hewani hapa Goma

Jiwe Jeusi

Nawasalimu wote. Kwa muda wa miaka mitatu nimekuwa nikijifunza mazingaombwe peke yangu, nyumbani kwetu Himbi, na zaidi ya yote nimejishughulisha na ile michezo ya kufanya vitu vidogo vielee kwa msaada wa uzi usioonekana. Kila nikionyesha mchezo mmoja mbele ya vijana wa mtaa, wawili au watatu hunifuata baadaye pembeni wakitaka kujua pa kuanzia, na maswali yao ni yale yale. Nimeona afadhali niyajibu mara moja hapa, polepole, ili nisiyarudie kila wiki. Kama jina la mjadala huu linachekesha, mnisamehe. Lugha yetu ndiyo iliyoamua kwamba mazungumzo marefu na kitu kinachoinua noti viitwe kwa neno moja.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu naliona kwa kila anayeanza. Nilidhani kazi yote imo katika wembamba wa uzi. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikitafuta uzi mwembamba zaidi, nikiwaagiza watu wanaosafiri, nikilalamika kwamba hapa mjini sijapata duka la vifaa vya mazingaombwe, na wakati wote huo sikuwa nimejifunza jambo lolote. Uzi niliokuwa nao tangu mwezi wa kwanza ulitosha. Kilichokuwa kikinifichua ni mwanga, na baada ya mwanga, macho yangu mwenyewe.

Unywele wa mtu una unene wa kati ya milimita 0.05 na 0.1 hivi, na sote tunauona ukianguka juu ya shuka nyeupe. Uzi mmoja wa nailoni ninaoutumia una unene wa karibu milimita 0.02. Ni mwembamba kweli, lakini wembamba peke yake hauufichi, kwa maana nailoni inang'aa: ukimulikwa kutoka nyuma au ubavuni, uzi huutawanya mwanga huo kuelekea kwa mtazamaji na kugeuka mstari wa fedha. Tazameni utando wa buibui uani asubuhi. Jua likiwa mgongoni mwako huuoni, na huenda ukaupasua kwa uso. Lakini ukizunguka na kusimama upande wa pili, ukilielekea jua, kila uzi unawaka. Buibui hajabadilisha kitu, ni wewe uliyehama.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga uzi wowote, mimi hukaa kwanza mahali watakapokaa watazamaji. Dirisha na taa viwe nyuma ya migongo yao ikiwezekana, visiwe nyuma yangu wala ubavuni mwangu. Balbu moja kali inayoning'inia uchi katikati ya chumba ni adui. Mwanga uliotawanyika, kama ule wa mchana wenye mawingu, ni rafiki. Nyuma ya uzi pawe na kitu cheusi au chenye michoro mingi. Shati jeupe la Jumapili liende kanisani, lisije hapa. Vazi bora nililolipata ni kitenge chenye maua madogo madogo, kwa sababu jicho linalotafuta mstari mmoja mwembamba hupotea ndani ya mistari mingi ya michoro.

Katika jambo hili sisi watu wa Goma tumependelewa bila kujua. Kuta nyingi za nyua zetu zimejengwa kwa mawe ya volkano, meusi, yenye vitundu vitundu, yasiyorudisha mwanga karibu hata kidogo. Ukisimama hatua mbili mbele ya ukuta kama huo, alasiri yenye mawingu, hata mimi ninayeushika uzi huwa siuoni na hulazimika kuutafuta kwa kidole. Nasema hatua mbili kwa makusudi: ukiuegemea ukuta, uzi unanasa kwenye jiwe na mchezo umekwisha.

Somo hili la mwanga nililipata kwa aibu. Mtoto wa shangazi yangu alikuwa akisherehekea siku ya kuzaliwa, nami nikaombwa nionyeshe kitu. Nilikuwa nimefunga uzi kutoka nyuma ya sikio langu la kushoto hadi kwenye kifungo cha shati, na katikati yake nikabandika noti ya faranga 500 iliyofinyangwa kuwa kidonge. Nilipousukuma uzi mbele kwa vidole gumba, noti ilipanda vizuri, ikasimama kati ya viganja vyangu, watoto wakanyamaza. Hapo umeme ukakatika. Kama ilivyo kawaida hakuna aliyeshtuka. Simu kumi hivi zikawashwa tochi kwa pamoja, kutoka pande zote, na zote zikanielekea mimi. Binti mmoja wa miaka kama sita akaja karibu, akanyosha kidole, akaniambia kwa huruma kabisa: “Yaya, uko na utando wa buibui ku sikio.” Alitaka kunipangusa.

Tangu siku ile, taa ikizimika nauvuta uzi ukatike palepale, noti inaniangukia kiganjani, namrudishia mwenyewe. Uzi mmoja si hasara.

Neno kuhusu noti, kwa kuwa limeshaingia. Katika video nyingi za ng'ambo utamwona mtu akiazima dola na kuifinyanga. Hapa kwetu usithubutu. Sote tunajua kwamba dola yenye mpasuko mdogo kuliko ukucha hukataliwa na mwenye duka na mbadilisha fedha vilevile. Ukiirudisha imekunjamana na ina doa la nta, mwenyewe hatakumbuka hata kidogo kwamba ilielea. Tumia noti ndogo ya faranga, ambayo imeshazoea mateso, au unyoya wa kuku, au kipande cha karatasi nyepesi.

Sasa ushauri ambao wengi hawaupendi: mwezi wa kwanza usiinue kitu chochote hewani. Bandika ncha moja ya uzi kwenye kifungo cha shati na ncha nyingine kwenye njiti ya kiberiti, ilaze njiti juu ya meza yenye kitambaa, kisha ujifunze kuisogeza sentimita tano kwa kuurudisha mwili nyuma kidogo tu, kiasi cha mtu anayevuta pumzi ndefu. Mikono yako iwe wazi juu ya meza, haifanyi lolote. Zoezi hili linafundisha mambo mawili ambayo noti inayoelea haiwezi kukufundisha, kwa sababu mbele ya noti unakuwa na hofu nyingi mno. Kwanza, unajua kwa ngozi, bila kutazama, uzi uko wapi na umekazwa kiasi gani. Uzi uliolegea hujikunja na kupeperuka, na kila mkunjo una upande mmoja utakaonasa mwanga, ilhali uliokazwa kidogo hutulia. Pili, unazoea kukitazama kinachotembea badala ya kuutazama uzi.

Hilo la pili ndilo nililoliita macho. Anayeanza huutazama uzi wake. Hawezi kujizuia: anajua upo, anaogopa utakatika, basi macho yake yanaufuata kutoka kifungoni hadi kwenye njiti na kurudi, na watazamaji, ambao hawakuwa na habari yoyote, wanayafuata macho yake. Nimewahi kumwona kijana ambaye uzi wake haukuonekana kamwe jioni nzima, na bado kila mtu alijua ulipopita.

Karibuni kwa maswali.

Binti wa Birere

Asante, kaka Jiwe Jeusi. Mimi nafanya kazi ya ushonaji pamoja na mama mdogo, kwa hiyo naomba nikamilishe upande wa uzi wenyewe, kwa kuwa umeupita haraka kama mtu anayeruka tope.

Uzi unaofaa upo hapa hapa sokoni. Ni ule wa nailoni wa mashine ya ovaloki, laini, wenye manyoya, unaonyumbuka, tunaoutumia kwa kingo za nguo za kuvutika. Msiuchanganye na ule wa plastiki unaofanana na uzi wa kuvulia samaki. Wauzaji nao huuita usioonekana, lakini ni mnene na unaonekana hadi barabarani. Ule wenye manyoya kwa kweli si uzi mmoja, bali ni fungu la nyuzi nyembamba nyingi zilizolala pamoja bila kusokotwa sana. Kata kipande cha sentimita 60, kiwe cheusi. Bandika ncha moja mezani kwa skochi, ule utepe wa gundi, ncha nyingine uikande kati ya vidole mpaka ichanue kama brashi, kisha uchague uzi mmoja tu, uubandike kipande kidogo cha skochi ili usikupotee, na uuvute polepole kutoka kwenye fungu. Ukikwama usivute kwa nguvu. Lipulizie fungu kwa mdomo, nyuzi zitaachana zenyewe. Fanyeni kazi hiyo juu ya karatasi nyeupe, la sivyo mtahangaika kukitafuta kitu mlichokitengeneza ili kisionekane.

Mama mdogo alinitazama nikifanya hivyo kwa nusu saa nzima, akaniuliza kama wateja wamekwisha mjini.

Swali langu ni la nta. Nimejaribu gundi ya kawaida, inakauka na kuuvunja uzi. Nimejaribu ubani wa kutafuna, matokeo sitayaeleza.

Jiwe Jeusi

Dada, umenisahihisha vizuri, na hilo la kupulizia sikulijua. Mimi nilikuwa nikizitenganisha kwa sindano na kukata nusu yake.

Nta ninayotumia ni ya nyuki. Ikiwa peke yake ni ngumu kidogo, hasa asubuhi za baridi, basi niliiyeyusha katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, nikaongeza matone machache ya mafuta ya kula, nikaikanda ilipopoa mpaka ikawa inashika bila kunata. Mafuta yawe meupe. Mawese yataifanya kazi vilevile, lakini kila noti yako itatoka na alama ya chakula cha mchana. Nilitia pia masizi kidogo ya sufuria ili chembe iwe nyeusi, kwa kuwa ile ya njano huonekana juu ya nguo. Chembe moja ni ndogo kuliko punje ya mtama. Kila ncha ya uzi naizungushia chembe moja, na faida yake ni mbili: inashika, na ndiyo alama pekee ya kunionyesha uzi unaishia wapi. Siku zote naibandika nyuma ya kifungo kile kile, cha pili kutoka juu, ili mkono uifikie bila kuulizana na macho.

Uzi mmoja unabeba gramu chache tu, na kinachoukata zaidi ni mshtuko kuliko uzito. Noti ya dola ina karibu gramu 1, na noti yetu ndogo haiko mbali na hapo. Pete ya ndoa usiijaribu, kwa sababu ya uzito wake na kwa sababu ya mwenyewe.

Motari wa Majengo

Ninyi mnazungumza habari za njiti na unyoya. Mimi nimeona kwenye simu mtu mzima akipaa juu ya jukwaa, anapita ndani ya kitanzi, anaingia ndani ya sanduku la kioo na bado anaelea. Huyo naye ana uzi wa ovaloki?

Jiwe Jeusi

Ndugu yangu, huyo uliyemwona ni David Copperfield, na mchezo wenyewe ulioneshwa kwa watazamaji wa televisheni mwaka 1992. Uliundwa na John Gaughan, ambaye alipewa hataza ya Marekani kwa mtambo huo mwaka 1994, na hataza ni hati ya kulinda uvumbuzi, tena ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma: nyaya nyembamba nyingi zilizopangwa kama feni, zikigawana uzito wa mwili, pamoja na mashine kubwa juu ya jukwaa inayozisogeza. Kabla yake, mwaka 1901 huko London, John Nevil Maskelyne alimwelesha mtu kwa nyaya nyingi nyembamba, na Mmarekani Harry Kellar akaupeleka mchezo huo kwao na kuutukuza kwa jina lake.

Utaona kwamba akili ni ile ile. Hakuna aliyetafuta waya mmoja wa ajabu usioonekana kabisa. Walitafuta mandhari nyeusi, taa zilizopangwa mahali pake, na watazamaji waliokalishwa mbali. Tofauti ni kwamba wao walijenga ukumbi kwa ajili ya mwanga, na mimi nahamisha kiti.

Kwa usalama, nikuombe wewe na wenzako msiende kujaribu kumwinua mtu kwa waya wa breki.

Motari wa Majengo

Umejuaje?

Mwalimu wa Katindo

Nimefuatilia kwa furaha, na nawapongeza vijana wanaoandika kwa utulivu namna hii. Nina jambo moja la kuuliza, ambalo naliona kuwa zito kuliko nta. Katika mji wetu, mtu akikiinua kitu bila kukigusa, swali la kwanza la watazamaji wengi halitakuwa “amefanyaje?” bali “amepewa na nani?” Mnajua vizuri jinsi neno uchawi linavyotamkwa upesi, na ni watoto ambao mara nyingi hulipia neno hilo, hata ikabidi sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iweke kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayemsingizia mtoto uchawi. Je, mwanamazingaombwe anayeanza, akiwa na umri wa miaka kumi na sita na noti inayoelea, anajilindaje? Na anawalindaje wadogo zake wanaomsaidia?

Niongeze historia kidogo, kwa sababu inatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Robert-Houdin, ambaye kwa kazi alikuwa fundi saa, ili apunguze nguvu ya marabuti, yaani viongozi wa dini wa huko, machoni pa watu kwa kuwaonyesha kwamba Wafaransa wana uwezo mkubwa zaidi. Alikuwa na sanduku dogo ambalo mtoto aliweza kulinyanyua, kisha mtu mwenye misuli akashindwa kulitikisa. Chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme, na sanduku lilikuwa na chuma. Elimu ile ile ambayo Paris iliwachekesha watu waliolipa tiketi, ng'ambo ya bahari iliwekwa kuwa nguvu ya kuogopwa. Sumaku haikubadilika. Kilichobadilika ni maneno aliyoyasema aliyesimama mbele.

Jiwe Jeusi

Mwalimu, heshima yako. Umeligusa jambo ambalo nilikuwa nimeliacha kwa uoga, nami nitalijibu kwa kadiri ya mazoea yangu.

Naanza kila mara kwa kusema wazi kwamba nitakachoonyesha ni mchezo wa vidole na macho, kwamba una siri, na kwamba siri hiyo nimejifunza nyumbani kama mwingine anavyojifunza gitaa. Wenzangu wawili hunilaumu kwamba maneno hayo yanaua mshangao. Nimeona kinyume chake: mtu aliyeambiwa kuna siri huinama mbele na kufurahi kuitafuta, na yule aliyeachwa ajifikirie mwenyewe hurudi nyuma. Mimi nataka wainame, hata kama kwa upande wa uzi ni hatari zaidi.

Halafu kuna mambo ambayo siyafanyi kamwe. Sionyeshi msibani, sionyeshi mbele ya mgonjwa, na sionyeshi karibu na mahali watu wanaposali. Simchagui mtoto na kusema kwamba noti inaelea kwa nguvu zake, ingawa katika video za ng'ambo huo ni utani wa kawaida na watu hucheka. Hapa mtoto huyo atarudi nyumbani na sifa ambayo sikumpa mimi, na siku kitu kikipotea jirani mtu atakumbuka. Mdogo wangu hunisaidia kwa kazi moja tu, ya kuangalia dirisha na mlango, na watu wote wanamwona akifanya hivyo.

Siku moja mama mmoja mzee, jirani yetu, aliona njiti ikitembea mezani na akasimama ghafla. Sikungoja. Nilimwomba aketi, nikachukua uzi mwingine, nikaubandika kwenye kidole chake mwenyewe na kwenye njiti, akaivuta. Aliivuta mara saba au nane. Najua kanuni ya wanamazingaombwe inakataza kufichua siri, na naiheshimu kanuni hiyo mbele ya mtu anayetaka kujua kwa udadisi tu. Kwa jirani ambaye hatalala usiku, uzi mmoja na dakika mbili ni bei ndogo.

Mwalimu wa Katindo

Nimeridhika. Huyo mama alisema nini?

Jiwe Jeusi

Alisema nguo yake ina uzi kama huo, na kwamba mimi ni mvivu.

Mtoto wa Nguba

Salamu kutoka Bukavu. Nina maswali mawili, nami nayaunganisha kwa kuwa yote yanatokana na hasara. La kwanza: nyumba yetu iko karibu na maji, na kila nikijaribu mchana, noti inayumba kama mlevi hata nikiwa nimesimama kimya. La pili: mjomba aliniletea kutoka ng'ambo kile kidude chenye springi ndani, kinachoutoa na kuurudisha uzi chenyewe kama futi ya fundi seremala. Nilikitumia siku mbili, uzi ukakatika ndani, na tangu hapo ni kopo tu.

Jiwe Jeusi

Karibu, ndugu wa Bukavu. La upepo ni la ziwa, si lako. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa juu yake inapanda, na upepo kutoka ziwani unaingia kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka na upepo hutoka nchi kavu kwenda majini. Katikati ya zamu hizo mbili, asubuhi na magharibi, hupatikana muda wa utulivu, na ndio ninaoutumia kwa mazoezi. Ndani ya nyumba, funga dirisha la upande wa ziwa na pia mlango ulio mkabala nalo, kwa sababu mlango ulio wazi upande wa pili ndio unaoivuta hewa ipite. Feni sihitaji hata kuitaja. Vilevile chunga pumzi yako: anayeanza huinama juu ya noti akiihurumia, na anaipulizia mwenyewe bila kujua.

Kuhusu kile kidude, ni kifaa kizuri na mabingwa wengi wanakitumia, kwa maana kinakaza uzi chenyewe na kumpa mtu uhuru wa kutembea. Ila kwa mwanafunzi nakiona kama gari lenye gia nyingi kwa mtu ambaye bado anajifunza breki. Springi inakaza kwa nguvu yake, haikungojei, na mkono usiojua kupima mvuto huukata uzi siku ya pili, kama ulivyoona. Usikitupe. Kifungue kwa utulivu mezani, juu ya karatasi nyeupe kama alivyosema dada wa Birere, utaona kibobini kidogo ambacho uzi mpya unaweza kuzungushwa. Kazi hiyo inachukua jioni nzima na subira ya mtu anayetoa miiba ya samaki. Mpaka hapo, rudi kwenye ncha mbili na nta.

Iko njia nyingine ya katikati, nayo ni pete za uzi unaonyumbuka, zinazovaliwa mkononi kama bangili. Mmoja wa walioipanua sana kazi ya uzi kwa njia hiyo ni Finn Jon wa Norway. Pete hizo husamehe makosa kwa sababu zinavutika kabla ya kukatika, na hazihitaji kubandikwa mwilini. Kwa kalamu inayosogea juu ya meza au uma unaoanguka wenyewe kutoka kwenye glasi ni bora kuliko kitu kingine chochote. Kwa noti inayopaa juu kabisa, bado napendelea sikio na kifungo.

Binti wa Birere

Nyongeza ya haraka: nimejaribu kutengeneza bangili hizo kwa nyuzi zetu za ovaloki, kwa kuwa nazo zinanyumbuka kidogo. Fundo ndilo tatizo. Vidole haviwezi. Nilifunga kwa kuzungusha uzi kwenye sindano mbili, na katika kumi nilipata mbili zilizodumu. Zilizodumu ni nzuri.

Kadogo wa Ndosho

Yaya Jiwe Jeusi, mimi nina miaka kumi na tano na nimefuata yote kama ulivyoandika. Katika kipande kimoja cha uzi nilitoa nyuzi kumi na moja, tisa zimekatika. Leo jioni njiti imetembea. Ilitembea kutoka katikati ya meza hadi ukingoni, kisha ikaanguka, na dada yangu akasema ni meza iliyoinama. Nikageuza upande wa pili, ikapanda ule mwinamo. Akanyamaza. Sasa nataka kujua kama naweza kuanza noti kesho, na hizi nyuzi mbili zilizobaki niziweke wapi, kwa sababu moja tayari siioni.

Jiwe Jeusi

Mdogo wangu, hongera, na hilo la kugeuza upande wa pili ni wazo zuri kuliko lolote nililoliandika hapa, nitakuibia.

Noti bado. Endelea na njiti mpaka uweze kuisogeza huku ukizungumza na dada yako juu ya jambo jingine kabisa, naye akitazama uso wako. Siku hiyo uanze na unyoya, si juu zaidi ya kifua, ukuta mweusi nyuma yako, watu watatu tu, mita moja na nusu mbele.

Kwa kuzihifadhi, chukua kadi ngumu nyeusi, au jalada la daftari la zamani, likate liwe na ukubwa wa kiganja. Kila upande ukate mipasuko midogo. Bandika chembe ya nta ya mwanzo kwenye kona, uzungushe uzi kupitia mipasuko bila kuukaza, na chembe ya mwisho uibandike kona ya pili. Andika kwa kalamu nyeupe namba ya kila uzi, la sivyo utaita kadi tupu kuwa imejaa. Ile isiyoonekana isikuhangaishe usiku huu. Zima taa, washa tochi ya simu, iweke chini sakafuni upande wa pili wa chumba ikikuelekea, kisha ulale kifudifudi utazame kuelekea kwenye mwanga. Itang'aa.